Uzi wa Sura ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu kipya kimefika. Mwalimu, mama mstaafu, ametuita sebuleni kwake saa kumi na moja jioni, tukawa wanne pamoja naye: yeye, mimi, Fundi Saa na Msusi. Kinaitwa Funguo Tatu za Karani. Kurasa mia moja sitini na mbili. Jalada jekundu. Kona moja imekunjika safarini. Naandika habari ya kona ili nisije kusingiziwa.

Niweke kumbukumbu ya utaratibu wetu, kwa faida ya atakayelisoma daftari hili nikishafariki. Tunasoma vitabu vya upelelezi tu. Nakala ni moja, inazunguka. Kila mtu anaishia pale sura ya mwisho inapoanza, kwa sababu sura hiyo imefungwa kwa uzi mweusi na uzi haugusiki. Ukifika kwenye uzi unaandika jina la muuaji kwenye kikaratasi, unakikunja, unakitumbukiza kwenye kopo la biskuti kwa Mwalimu. Wote wakimaliza tunakutana. Kopo linafunguliwa, Mwalimu anafungua uzi, anatusomea mwisho kwa sauti. Aliyepatia anakaa na ufunguo wa kabati la vitabu na ndiye anayechagua kitabu kinachofuata. Vitabu sitini na vitatu. Ufunguo umekaa kwangu mara sita mfululizo.

Anayevika vitabu karatasi ya kaki na kuvifunga uzi ni mimi. Nilijitolea.

Leo Mwalimu amesema jambo, na amelisema kama mtu anayetaja siku ya kufua. Presha ya macho imemaliza jicho la kushoto. La kulia, kasema daktari, litafika mwisho wa mwezi huu, likijitahidi sana litavuka kidogo. Baada ya hapo herufi zitakuwa ukungu. Kwa hiyo hiki ndicho kitabu cha mwisho atakachotusomea. Na atakayepatia safari hii atachukua ufunguo moja kwa moja, na kabati lenyewe.

Msusi, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amefuta macho kwa kiganja. Akasema basi Mwalimu aanze yeye kusoma, sisi tutafuata. Mwalimu amekataa. Amesema mwenye nyumba hatangulii wageni, na kwamba hana haja ya kurasa zote hizo. Anataka sura moja tu, kwa sauti, watu wakinyamaza.

Fundi Saa alikuwa anatazama kabati. Nilimwona.

Jumanne, 4 Machi

Saa ya chakula cha mchana nimekivika kitabu kaki nikiwa stoo. Halafu nimesoma sura ya mwisho.

Hapa nataka nieleweke. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Mtunza stoo hapokei kasha bila kulifungua. Akipokea, siku moja atapokea mawe. Kusoma mwisho ni ukaguzi wa mzigo. Nimekuwa nikikagua tangu kitabu changu cha kwanza na hakuna kitabu kilichowahi kulalamika.

Muuaji ni daktari wa familia. Tajiri wa mbao anakutwa amekufa ofisini, mlango umefungwa kwa ndani, na kwa kurasa mia na hamsini watu wanahangaika na funguo. Kumbe daktari alibadilisha chupa ya dawa wiki nzima kabla. Mlango haukuhusika. Nimeandika kikaratasi changu: Daktari.

Kisha nimefunga uzi. Kisha nimekaa nikautazama. Fundo moja. Mtu anayefungua saa ya mkononi kwa kibano na kuifunga bila kuacha hata alama ya ukucha, fundo moja litamshindaje? Na baada yangu kitabu kinakwenda kwake. Nikajiuliza: ikiwa mtu mwadilifu kama mimi anasoma sura ya mwisho, Fundi Saa atajizuia kwa nguvu gani?

Nimechukua hatua. Wembe mpya, rula ya chuma. Kurasa kumi na mbili, yaani karatasi sita, zimetoka safi. Mahali pake nimebandika karatasi sita tupu, nimezikata kwa kipimo. Uzi, mafundo matatu. Sura yenyewe nitairudisha kabla ya siku ya kusoma. Huu si wizi. Ni hifadhi.

Wakati wa kula jioni mke wangu ameniuliza nachekea nini. Nimemwambia nalinda uaminifu wa chama chetu. Amesema hata fisi akiulizwa atakwambia analinda bucha.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimetumbukiza kikaratasi changu kwenye kopo, kisha nimempelekea Fundi Saa kitabu kibandani kwake. Akaweka ile lenzi yake jichoni na kuutazama uzi kana kwamba ni saa imesimama. Akaniuliza, Bwana Stoo, mafundo matatu ya nini, umefunga kitabu au umefunga ng'ombe? Nimemwambia ni utaratibu mpya. Akasema sawa, yeye hana haraka na ng'ombe. Kicheko chake kifupi. Sikukipenda.

Zile karatasi sita nimezitia kwenye bahasha, na bahasha nimeitia ndani ya godoro. Futi mbili na nusu kwa sita, unene inchi nne. Saizi hiyo ilitengenezwa kwa makosa na haijatoka hata moja tangu Aprili mwaka jana. Yako mia moja kumi na manane, rafu ya mwisho ukutani. Kava lina zipu. Godoro la tatu kutoka chini, safu ya kwanza kushoto. Benki hazina usalama wa namna hii.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita rafu ya mwisho na ufagio. Nimefagia mita nne nzima kabla ya kujiuliza kwa nini nafagia bila kuinama chini ya kitu.

Rafu ni tupu.

Nimefungua faili. Ijumaa mchana shule ya bweni ya wasichana, ile ya upande wa pili wa mji, ilichukua magodoro yote mia moja kumi na manane, kwa kuwa vitanda vyao ni vyembamba. Sahihi ya kutoa mzigo ni yangu. Nimeitazama mara mbili. Hata mkia wa herufi ya mwisho ni wangu. Nakumbuka sasa. Meneja alinipa mkono kwa kuondoa mzigo uliooza, nami nikasimama mlangoni nikihesabu magodoro yakipita, moja, mbili, tatu kutoka chini, nikiwa na furaha ya mtu anayeona rafu inapumua.

Wasichana mia moja kumi na wanane, na mmoja wao analalia muuaji.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku, nimekwenda bwenini. Matroni ni mwanamke mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, na hatembei, anawasili. Nimejitambulisha. Nimesema nimekuja kukagua ubora wa magodoro, moja moja, kwa mkono.

Ameniuliza kama nimejisikia nilichosema. Mwanamume mzima, mwenye mvi masikioni, umekuja kupapasa vitanda vya watoto wangu wa kike? Nimesema ni ubora tu. Amesema ubora umeshalaliwa siku nne na haujalalamika.

Ikabidi niseme sehemu ya ukweli. Kuna hati imesahaulika ndani ya godoro. Hati gani? Sura ya mwisho. Ya nini? Ya kitabu cha upelelezi, mali ya chama cha wasomaji wanaokutana kwa Mwalimu, nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya posta. Matroni alinitazama kwa muda ambao ungetosha kuhesabu stoo nzima. Kisha sauti yake ikashuka. Akauliza kama Mwalimu bado anasoma kwa sauti. Kumbe alikuwa mwanafunzi wake darasa la kwanza; herufi zote anazozijua zilipitia kwa Mwalimu. Nimesema anasoma, ila macho ndiyo yanaaga.

Amesema atawauliza wasichana. Mimi niandike kwenye daftari la wageni jina langu, kazi yangu, kitu kilichopotea, na kilivyopotea. Nimeandika yote kwa mwandiko mzuri. Nilipofika mlangoni akaniambia, baba, nenda, na usirudi hapa na mikono yako.

Alhamisi, 13 Machi

Kimya kutoka bwenini. Siku zimebaki tisa hadi kikao cha Jumamosi ya tarehe 22. Nimeamua: mwisho nitauandika mwenyewe. Nimeusoma mara moja, nimesoma hadi kidato cha nne, na insha yangu juu ya siku nisiyoisahau ilisomwa mbele ya darasa zima na wawili walishtuka.

Nimeanza saa ya mchana kwenye kompyuta ya stoo. Mpelelezi anawakusanya washukiwa ofisini kwa marehemu. Anaingia. Kabla hajamtaja mtu, anahesabu samani. Viti sita, kimoja mguu umelegea. Meza moja, droo tatu, ya kati haina kitasa. Nimejaribu kumharakisha lakini haharakishwi. Mpelelezi makini hawezi kutulia kwenye chumba ambacho hakijahesabiwa.

Ukurasa wa tisa, na bado hajamshika mtu. Amefika kwenye mapazia.

Jumapili, 16 Machi

Jambo zito limetokea. Niandike kwa mpangilio.

Sura yangu imekamilika, kurasa kumi na mbili barabara, muuaji daktari. Nimeichapisha kazini kwa herufi zinazofanana na za kitabu. Tatizo rangi: karatasi yetu nyeupe kama jino la mtoto, ya kitabu ya manjano. Dawa yake chai. Asubuhi nimezipitisha karatasi sita kwenye sinia la chai ya rangi na kuzibana kwenye kamba ya nguo. Mke wangu ametoka na ndoo, akazitazama zikipepea kati ya suruali zangu mbili, akaniuliza kama siku hizi kazini mnafua mafaili. Nikasema ndiyo. Akasema aliyemwoza kwangu ana kesi ya kujibu.

Hapo ndipo shemeji amefika. Kitabu anacho yeye sasa, Fundi Saa amemaliza. Akakaa jikoni, akasema, shemeji, mimi naona mjane, yule mama analia kwa ratiba. Kisha akacheka. Akasema huyu Fundi wako ana mambo, ameniambia yeye amemshuku daktari tangu ukurasa wa thelathini, eti daktari mwenye mikono misafi kiasi kile anaficha chupa mahali.

Nimeshika kikombe kwa mikono miwili.

Hakusoma mwisho. Hawezi kuwa ameusoma. Nyuma ya uzi zilikuwa karatasi tupu, na mwisho wenyewe uko chini ya mgongo wa mwanafunzi. Amefika kwa daktari kwa kusoma kitabu tu, ukurasa baada ya ukurasa. Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi. Ni udanganyifu wa aina nisiyoijua.

Maana yake ni sare, na kwenye sare Mwalimu huchagua mwenyewe. Sitaki kuchaguliwa. Nataka kushinda.

Lakini anayeandika mwisho ni nani? Ni mimi. Ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu kuna mlinzi wa geti. Anafungua geti, anakohoa, hatumwoni tena. Hakuna atakayemfikiria mlinzi wa geti. Nimemfikiria mimi. Kesho naandika upya. Chai nyingine itahitajika.

Jumanne, 18 Machi

Baada ya kazi nimekwenda kwa Mwalimu na kikaratasi kipya mfukoni: Mlinzi wa geti. Kilichobaki ni kukitoa cha zamani koponi. Kopo liko juu ya kabati.

Mwalimu alikuwa dirishani, gazeti limegusa pua. Nimemwambia nimekuja kumjulia hali. Ameshukuru. Akaendelea kutazama gazeti, ila hakuwa anasoma. Akasema miaka thelathini na moja alisimama mbele ya darasa, na katika kazi yote ile kitu kimoja tu hakuchoka nacho: kufika ukurasa wa mwisho wa hadithi huku watoto sitini wamesahau kukwaruzana. Alisema kile kimya ndicho kilikuwa mshahara wake halisi. Mumewe, enzi za uhai wake, ndiye aliyeanzisha ule uzi mweusi, kwa sababu mke alikuwa na tabia mbaya ya kuchungulia mwisho.

Nimeshangaa sana. Nimesema kuna watu wa namna hiyo?

Akasema wapo, mwanangu. Akasema, ila Jumamosi nitausoma kwa haki, sijauchungulia, na nikishausoma jicho hili liende linakotaka.

Kwa dakika nzima nimelisahau kopo. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilikaa nikitazama mikono yake. Nikafikiri nimwambie yote, godoro, chai, mlinzi wa geti.

Kisha akageukia dirisha, na kopo likawa karibu yangu. Mfuniko wake una kutu. Ulilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwalimu akauliza ni nini. Nimesema nakagua kutu. Akasema kagua tu, lakini usisahau kulifunga, mende.

Zoezi limefaulu.

Ijumaa, 21 Machi

Shemeji ana vichwa vinne vya kusuka leo, hivyo jana alinipa kitabu nikirudishe mimi. Mungu hamtupi mja wake. Asubuhi nimetoa karatasi tupu, nimebandika sura yangu mpya, nimefunga uzi. Safari hii fundo moja, la kinyenyekevu.

Mchana nimefika kwa Mwalimu nikamkuta Matroni wa bwenini anatoka mlangoni. Alinisalimia kwa jina langu na cheo changu, vyote viwili. Nimeuliza habari za magodoro. Amesema wasichana wanalala vizuri, isipokuwa mmoja aliyekuwa anasikia karatasi kila akigeuka. Nikauliza karatasi hizo ziko wapi. Akasema zimeshafika kwa mwenyewe.

Nimesikitika. Mwenyewe ni mimi, nami sijapokea kitu. Bweni zima halina hata daftari moja la kutoa mzigo. Ningemhoji zaidi lakini gundi ilikuwa bado mbichi, nikaogopa kukishika kitabu kwa muda mrefu.

Ndani, Mwalimu amekaa kwenye jua la dirisha, kioo cha kukuzia mkononi, kanga imetandazwa magotini juu ya kitu. Jicho la kulia jekundu kabisa. Nikauliza kama linauma. Amesema halimuumi, limefanya kazi. Amepokea kitabu, akakinusa, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Nimesema ndiyo, asante. Mama mkarimu sana.

Jumamosi, 22 Machi

Saa kumi kamili. Tumekaa. Nimevaa shati la mistari. Shemeji ametoa mdomoni bazoka aliyokuwa anatafuna, bila kuambiwa. Jirani aliyekuwa anagonga mabati, sijui nani alimnong'oneza, ameacha kugonga.

Kopo limefunguliwa. Msusi: Mjane. Fundi Saa: Daktari. Mimi: Mlinzi wa geti. Shemeji ameshika kifua, akauliza mlinzi yupi, kwani kuna mlinzi? Nimesema subiri. Fundi Saa alinitazama kwa jicho tupu, bila lenzi, jambo ambalo hafanyi.

Mwalimu amefungua uzi, akauzungusha kidoleni kama pete. Akavaa miwani. Amefungua sura ya mwisho na kupitisha kidole gumba kwenye karatasi ya kwanza, juu hadi chini, taratibu. Kisha akaanza.

Nilikuwa nimekunja mikono nikisubiri viti sita. Havikuja.

Mpelelezi aliingia ofisini na hakuhesabu kitu chochote. Aliweka chupa ya dawa mezani, akaomba watu wakae, akasema ameupoteza muda wao wote kwa ajili ya mlango. Nimenyoosha shingo. Karatasi zilikuwa zangu, chai yangu, hata alama ya pini ya nguo niliiona kwenye pembe. Lakini sauti ilikuwa inasoma sura ile niliyoikata kwa wembe. Ukurasa ukifika mwisho anafungua, kwa wakati wake barabara, na macho yake hayako kwenye mstari. Hayako popote. Anaijua kwa moyo.

Ningesema nini? Nisimame niseme, Mwalimu, sivyo ilivyoandikwa? Nimekaa. Jasho limeshuka hadi kwenye soksi. Alipofika pale daktari anaponyoosha mikono yake misafi ili afungwe pingu, hakuna aliyepumua. Saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa inasikika, na hiyo ni kwa kuwa Fundi aliitengeneza. Alimaliza. Hakufunga kitabu mara moja. Aliacha kile kimya kikae, uso umeinuka kidogo, kama mtu anayeota jua. Shemeji alilia waziwazi, na hata mimi macho yalikuwa na maji, nadhani ni jasho.

Fundi Saa ameshinda. Amepewa ufunguo. Akautazama, akauliza kama kuna msumari. Akautundika kando ya mlango, kwenye usawa wa mkono wa Mwalimu, akasema kabati linabaki pale lilipo, na ufunguo uwe mahali ambapo vidole vitauona. Unafiki wa daraja la kwanza. Kisha akachukua kitabu na kukitazama kwa lenzi pale kwenye mshono. Akanitazama mimi. Akakifunga. Alipopita akaninong'oneza, wembe mpya, rula ya chuma, mkono hautetemeki. Bwana Stoo, ungekuja kwangu kijana ungekuwa fundi mzuri.

Wenzangu walipotoka, Mwalimu amenizuia. Ametoa bahasha chini ya kanga. Karatasi sita. Zinanuka sponji. Yule Matroni alimletea yeye Ijumaa, pamoja na maelezo yangu kutoka kwenye daftari la wageni, yaliyonakiliwa yote, hata sehemu ya zipu. Yaani mali ninayoidai mimi imepelekwa kwa mtu mwingine bila hati.

Nilisubiri anifukuze. Hakunifukuza. Alisema tangu Ijumaa mchana hadi jua linazama amesoma miisho miwili kwa macho yake mwenyewe, na kwamba watu wengi humalizia kwa mmoja. Ule wa kitabu aliurudia mara tano, kwa sababu alijua leo jicho halitafika. Na kweli, amesema, halikufika. Tangu asubuhi anaona mwanga tu, na vivuli vyetu. Wangu aliusoma mara moja. Amesema una viti vingi mno. Na amesema mlinzi wa geti hakustahili, mtu amekohoa tu.

Nikauliza, kwa unyenyekevu, kama mapazia yalikuwa sawa. Amesema mapazia yalikuwa mazuri.

Kisha akatoa hukumu. Kuanzia sasa nitakuja kila siku saa kumi kumsomea, na siku za kikao sura ya mwisho nitaisoma mimi. Nimeuliza kwa nini mimi. Akasema, wewe mwanangu unapenda miisho. Nataka nikusikie ukianza.

Nimerudi nyumbani nikamweleza mke wangu kwamba nimepandishwa cheo. Alinitazama, akaniongezea mchuzi.

Jumatano, 2 Aprili

Fundi Saa amechagua kitabu. Ni cha watu saba waliokwama hotelini, mmoja anauawa. Amekivika kaki mwenyewe na kukifunga uzi mwenyewe. Kaki imekaa upande.

Nimetafakari kwa siku kumi yaliyonipata, nikiwa na kalamu. Kosa lilikuwa moja tu: godoro. Saizi ya futi mbili na nusu huonekana imekufa, kumbe inasubiri shule. Ningetumia futi sita kwa sita, inchi kumi, yasingetoka hadi leo.

La pili nimeliona juzi nikimsomea Mwalimu. Wembe sihitaji tena. Sihitaji hata chai. Atakayesoma sura ya mwisho kwa sauti ni mimi, na Mwalimu mwenyewe ametuonyesha kwamba mtu anaweza kushika karatasi hii akasoma ile, na watu wakalia. Yeye haoni. Wengine watakuwa wanaangalia mdomo wangu. Muuaji atakuwa yule nitakayemtaja. Sijui kwa nini nilijisumbua miaka yote hii.

Leo nimefika saa kumi. Matroni alikuwa anatoka. Siku hizi huja kila mchana kabla yangu, hukaa na Mwalimu saa nzima, na nje husikika sauti yake peke yake kama ya mtu anayesoma, sijui wanazungumza nini wanawake wale. Nimechukua kitabu mezani nikaona fundo la uzi si la Fundi. Ni fundo la upinde, kama la kiatu cha mtoto wa shule. Nimemuuliza Mwalimu nani amegusa uzi. Amesema upepo.

Nimeandika hapa: upepo.

Kisha nimetoa kikaratasi changu nilichokiandika tangu kazini. Mpishi. Nimetembea hadi kabatini kwa ncha za vidole, nikafungua kopo polepole sana. Limelia hivyo hivyo. Mwalimu amecheka peke yake kwenye kiti, kicheko kizuri cha mtu aliyepumzika, akajifunika kanga magotini, akaniambia nivute kiti nianze ukurasa wa kwanza.